Punda Milia wa Jahangir

Kabla sijatimiza miaka ishirini na mitano nilikuwa nimeshachora punda milia wasiopungua elfu mbili. Hesabu ni yangu na ni ya haraka, lakini sidhani nimezidisha. Nilikuwa katika banda moja la wachoraji Dar es Salaam, tukipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, kwa mtindo alioufungulia njia Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Kazi tuligawana. Mmoja anapaka mandhari ya nyuma, njano inayokolea mpaka inakuwa nyekundu. Wa pili anaweka miili. Mimi nilikuwa mtu wa milia. Asubuhi milia, baada ya chakula milia. Picha zikikauka, mwenye banda anakuja na brashi yake nyembamba, anatia jina lake pembeni. Hatukulalamika. Rangi alinunua yeye, wateja walikuwa wake, sisi tulilipwa kwa kipande.

Punda milia mwenyewe nilikuwa nimemwona mara tatu, kwa dirisha la basi la Iringa pale Mikumi. Unageuza shingo, basi limeshapita.

Mwaka 2011 nilipata ufadhili wa kusoma sanaa India, mji wa Vadodara, jimbo la Gujarat. Likizo ya Mei mwenzangu wa bweni akanichukua kwao Jaipur, na huko nikapelekwa kwa mzee mmoja anayechora zile picha ndogondogo za kale, za aina iliyokuwa ikiwekwa ndani ya vitabu vya wafalme wa Kimughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India zamani. Nilikwenda kutembea siku tatu, nikakaa wiki saba.

Kilichonichanganya kwanza ni cheo chake. Kila mtu alimwita Ustaad. Kwetu ustadhi ni mwalimu wa madrasa, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yanatafuta kanzu na fimbo. Nikamkuta mzee kavaa fulana, kaketi sakafuni, goti moja kaliinua, ubao wa kuchorea kaulaza juu ya goti hilo. Vijana waliokuwa wakiingia waliinama wakamgusa miguu. Sisi shikamoo tunaitamka kwa mdomo; wale miguu wanaishika kweli. Nami nikashika. Akaniita beta, yaani mwanangu, akaniagizia chai, na chai nayo ikaitwa chai.

Maneno kama hayo yalizidi kunijia. Mahali pa kazi pa wafalme paliitwa karkhana. Nikaelewa karakana zetu jina lake limetoka wapi. Rangi kwao ni rang. Brashi ya mchoraji waliiita kalamu, na mchora nakshi ni naqqash. Kihindi changu kilikuwa cha sokoni, lakini kila nilipopotea katika mazungumzo lilitokea neno moja la nyumbani likanishika mkono.

Wiki mbili za kwanza sikuchora kitu. Nilisugua karatasi. Karatasi ya kazi hii huitwa wasli: tabaka kadhaa zimegandishwa kwa gundi ya unga, zikakaushwa, kisha zinalainishwa kwa jiwe la akiki mpaka uso wake unateleza kama kaure. Unasugua upande huu, unageuza, unasugua ule. Mzee akipita anauinua ubao usawa wa jicho, anautazama kwa mwanga wa dirishani, anaurudisha bila kusema. Nilimchukia kidogo siku zile, nakiri.

Baadaye ikaja brashi. Kichwa chake ni singa za mkia wa kindi, zimechaguliwa moja moja na kupangwa ili zile za katikati zitangulie, na mwisho kabisa ibaki ncha ya singa moja. Mimi nilikuwa nimezoea brashi ya dukani, ikichakaa unatupa. Rangi nazo zilisagwa hapo hapo. Buluu ya thamani ni ya jiwe linalochimbwa Badakhshan, Afghanistan, kijani ni ya malakiti, nyekundu ya zebaki, nyeupe ya risasi, njano ya arseniki. Zote huchanganywa na gundi ya mgunga. Siku moja nilitaka kuchongoa ncha ya brashi kwa mate, kama nilivyozoea, akanipiga kofi la mkono. Aliporudia majina ya zile rangi polepole nikaelewa kofi lilikuwa la huruma.

Jaipur ya Mei ni tanuri. Siku ya ishirini na kitu nilikuwa nimeshachora jani moja la mti wa mwembe, jani tu, ukubwa wa ukucha, na mishipa yake yote. Siku tatu zilipotea kwenye jani hilo. Nikainama kulipuliza likauke, tone la jasho likanitoka puani. Buluu ya anga na kijani cha jani vikawa tope moja. Vijana walicheka mpaka wakalala. Mzee alisema tu nikaoge, kisha nianze tena kusugua.

Jioni umeme ukikatika tulikaa nje, naye akisimulia. Mengine niliyathibitisha baadaye maktabani, na mengi yalikuwa kweli.

Alianza na Humayun, mfalme wa pili wa ukoo ule, aliyenyang'anywa ufalme akakimbilia Uajemi kwa Shah Tahmasp. Mfalme mkimbizi huwa anarudi na askari wa kuazima. Humayun alirudi na hao, lakini pia aliwapata wachoraji wawili mabingwa, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, wakamfuata Kabul. Delhi aliikomboa mwaka 1555, na Januari ya 1556 akaanguka kwenye ngazi za maktaba yake, akafa. Mtoto wake Akbar alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kusoma na kuandika hakukumwingia Akbar maisha yake yote, alisomewa; ila kuchora alifundishwa utotoni na Abd al-Samad huyo huyo. Mimi naona hapo ndipo siri ya mambo yote yaliyofuata. Mtu ambaye herufi hazimtii huitegemea picha kwa namna ambayo msomi hawezi kuielewa.

Akiwa bado kijana, Akbar aliagiza visa vya Hamza vichorwe. Hamza ni yule yule, ami yake Mtume, isipokuwa visa vyenyewe vimejaa majini na mazimwi ambayo ustadhi wangu wa utotoni asingeyapitisha. Picha zilifika kama elfu moja na mia nne, kubwa, juu ya kitambaa cha pamba, maandishi nyuma yake. Zilichukua takriban miaka kumi na mitano. Leo zinazojulikana hazifiki mia mbili. Baadhi zilipatikana Srinagar, Kashmir, mwaka 1881, zimezibwa kwenye madirisha ya duka kukinga baridi. Mzee alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anasema angalau mtu mmoja hakupigwa na baridi.

Sehemu iliyonigusa mimi ilikuwa nyingine. Waziri na rafiki wa Akbar, Abu'l Fazl, aliandika historia ya utawala ule, Akbarnama, na ndani ya kazi hiyo akaeleza karakana ya picha ilivyoendeshwa. Kila wiki makarani na wasimamizi waliziweka kazi mbele ya mfalme, naye akatoa zawadi au kuongeza mshahara wa mwezi kulingana na ubora. Wachoraji wenyewe anawataja kwa majina. Mmojawao, Daswanth, alikuwa mtoto wa mbeba machela; alikuwa akichora ukutani mpaka Akbar akamwona. Akili yake ilikuja kuingia giza, akajiua mwaka 1584. Kazi yake kubwa imo katika Razmnama, tafsiri kwa Kiajemi ya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, na kitabu hicho kimehifadhiwa Jaipur ile ile niliyokuwa nikisugulia karatasi. Nilitamani kukiona. Hakionyeshwi kwa kila mpita njia.

Ipo nakala ya Akbarnama yenye picha 116, iko London katika makumbusho ya Victoria and Albert, iliyonunuliwa mwaka 1896. Mzee alikuwa na albamu ya picha zake zilizochapwa kwa ukubwa, kurasa zimelegea kwa kufunguliwa. Siku moja aliniwekea mbele na kuniambia nisitazame picha, nitazame chini yake, kwenye ukingo. Palikuwa na maandishi madogo ya wino mwekundu. Nilisoma madrasa miaka sita, herufi nazijua, ingawa mwandiko wa Kiajemi unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nikaanza kuunganisha: ain, mim, lam. Amal. Amali! Kazi ya fulani. Na kabla yake neno jingine, tarh, yaani mchoro wa kwanza, mpango wa picha. Karani alikuwa ameandika nani aliyepanga na nani aliyepaka rangi. Mara nyingine yumo hata wa tatu, aliyechora nyuso peke yake.

Nikasoma kwa sauti jina la mmoja: Miskina. Maskini! Nilicheka peke yangu. Huyo Maskini ndiye aliyepanga picha ya ng'ombe wakivuta mizinga kupanda mlima wa Ranthambhor, mwaka ule ngome ilipozingirwa, na Paras akaipaka rangi. Ndiye pia aliyepanga ile ya Adham Khan, aliyemuua waziri mwaka 1562, na Akbar akaamuru atupwe kutoka barazani. Hakufa mara ya kwanza, akapandishwa akatupwa tena. Hapo anaonekana kichwa chini miguu juu, na aliyempaka rangi anaitwa Shankar.

Basi wale nao waligawana kazi kama sisi. Mmoja mpango, mmoja rangi, mmoja nyuso. Wao walikuwa watu wa Akbar, wakila chakula cha Akbar, wakimchora Akbar, na bado karani aliketi akaandika amali ya Paras, amali ya Shankar. Nilifunga albamu nikatoka nje. Nilikuwa nafikiria hadibodi elfu mbili zilizotawanyika kwenye kuta za watu Ulaya, zote zina jina moja, na si langu, si la yule kijana wa Masasi aliyekuwa na mkono wa ajabu wa kupaka anga.

Sikumweleza mzee. Nadhani alijua, kwa sababu kesho yake alinifungulia ukurasa wa tembo.

Ni kisa cha mwaka 1561, nje ya Agra. Akbar, kijana ambaye hajafikisha miaka ishirini, kapanda tembo mkorofi aitwaye Hawa'i na kumpambanisha na mwingine, Ran Bagha. Ran Bagha akashindwa, akakimbilia daraja la mashua lililotandazwa juu ya Mto Yamuna, Hawa'i akamfuata na mfalme mgongoni. Basawan ndiye aliyepanga, Chatar akapaka. Tembo wako pale juu, wakubwa, na mfalme ametulia kama mtu aliyekaa kibarazani kwake. Chini yao mashua zinazama, zinagongana.

"Nani anaogopa?" mzee akaniuliza.

Nikamwonyesha wenye mashua. Mmoja mikono juu, mwingine yumo majini, mwingine anavuta kamba kwa nguvu zote.

"Mfalme lazima awe vile alivyo, beta. Hilo limeamriwa. Mwenye mashua hakuna aliyeamuru aweje."

Tangu hapo nikazisoma picha zote za kasri lile kwa kuanzia pembeni. Katikati ni protokali: nani kasimama karibu na kiti, nani mbali, nani kavaa nini. Pembeni kuna mpishi anayepuliza moto, mwashi mwenye jiwe kichwani, mtu aliyelala wakati wengine wanasikiliza hotuba. Kule ndiko mchoraji alikopumua. Nilipofika New Delhi kuiona Baburnama, kumbukumbu za Babur baba yake Humayun, katika Makumbusho ya Taifa, mlinzi aliniuliza kwa nini nimebandika pua kwenye pembe ya kioo, akidhani nimepoteza kitu.

Sasa nifike kwa punda.

Wiki ya sita nilikuwa nimepata kiburi. Niliwaambia vijana kuwa kwetu mimi ni bingwa wa punda milia, naweza kumchora nimefumba macho. Mzee akasema haya, chora. Nikachora kwa dakika kumi, shingo, kiuno, milia ikashuka kama mvua. Vijana wakapiga makofi. Mzee akaitazama, akauliza: milia ya mguuni inasimama au inalala? Nikasema inasimama. Kisha nikasema inalala. Akauliza ile ya shingoni inaishia wapi, kwenye ngozi au inapanda mpaka kwenye singa za ukosi? Nikanyamaza. Punda wangu elfu mbili walisimama nyuma yangu, na hakuna hata mmoja aliyenisaidia.

Akaniletea picha ya Mansur. Mansur alikuwa mchoraji wa Jahangir, mwana wa Akbar aliyetawala kuanzia 1605 hadi 1627. Jahangir alipenda ndege na wanyama kwa jicho la tabibu, na akajisifu kwamba anaweza kuutambua mkono wa kila mchoraji, hata kama uso ni wa mmoja na jicho ni la mwingine. Mwaka 1621 aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi. Mwenyewe ameandika kwamba watu walishuku mnyama amepakwa rangi, mpaka walipomkagua wakaridhika kuwa ndivyo Mungu alivyomuumba. Kisha akamtuma kama zawadi kwa Shah Abbas wa Uajemi. Mansur alikuwa na mnyama mmoja tu, mgeni, anayepita njia. Hakuwa amemwona wa pili wala hakuwa na pa kunakili.

Na yupo pale, kwa ubavu, kavishwa hatamu. Milia ya shingo inapanda mpaka ukosini bila kukatika. Ya mguuni imelala, kama pete. Kiunoni inapinda, hailazimishi. Mdomo mweusi. Mwambao wetu na Uhabeshi si mbali sana. Mnyama yule alikuwa wa pande za kwetu kuliko za kwao, na aliyemwona ni mtu wa Hindustan. Nililala mapema siku ile.

Sitaki mtu adhani mafundi wale walikuwa malaika wa ukweli. Mzee alinionyesha pia kazi ya Abu'l Hasan, bingwa mwingine wa Jahangir, ya mwaka 1616 hivi. Ya asili iko Dublin, katika Maktaba ya Chester Beatty. Jahangir kasimama juu ya dunia, upinde mkononi, analenga kichwa cha mtu mweusi kilichochomekwa kwenye mkuki. Kichwa ni cha Malik Ambar. Huyu alizaliwa Uhabeshi katikati ya karne ya 16, akauzwa utumwani mkono hadi mkono mpaka Dekani, kusini mwa India, akaachwa huru na kupanda hadi akawa mtawala halisi wa ufalme wa Ahmadnagar. Majeshi ya Kimughal yalihangaika naye miaka na miaka. Kichwa chake hakikukatwa na mtu. Alikufa mwaka 1626, mzee, kifo cha kawaida.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya punda. Uso umechorwa kwa makini ya kutisha, kila mkunjo uko mahali pake, na jambo lenyewe ni uongo mtupu. Nilimuuliza mzee, kwa ukali kidogo, mchoraji anajisikiaje akipaka uongo kwa mkono safi namna ile. Alikuwa anasafisha kombe la baharini analowekea rangi ya dhahabu. Alisema mshahara ni wa kila mwezi. Sikulipenda jibu hilo na silipendi hadi leo, ila sijapata lililo bora, na mimi mwenyewe nilitia milia mbele ya machweo elfu mbili ambayo hayakuwahi kutua popote.

Nilirudi Tanzania mwaka 2014. Kabla ya kufungua banda langu nililipa kiingilio cha Mikumi nikakaa na daftari kwenye tambarare ya Mkata, saa nne nzima, mwongozaji akipiga miayo. Inalala, kweli. Mguuni inalala.

Banda ni dogo, tuko watatu. Punda milia bado tunachora, kodi ya pango haisubiri Mansur, lakini tunachukua siku mbili kwa picha badala ya saa mbili, na nyuma ya kila ubao naandika kwa wino mwekundu: mpango wa fulani, rangi amali ya fulani, anga amali ya fulani. Wenzangu mwanzoni waliona ni mambo ya Kihindi. Siku hizi asipoandikwa mtu anauliza.

Mwezi uliopita mteja mmoja aliigeuza picha, akasoma, akaniuliza hayo majina matatu ni ya nini. Nikamweleza kila kitu, Akbar, karani, Maskini, tembo. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema kwa kuwa ni kazi ya watu watatu, kila mmoja amefanya theluthi tu, basi na bei ishuke. Tulibishana mpaka jua likatua.